Fundi amezima simu: maswali ninayoulizwa mara kwa mara kuhusu ukarabati wa nyumba Uganda

Ninaishi Jinja, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisimamia ukarabati wa nyumba za watu. Nyingi ni zile nyumba za zamani za enzi za bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954: kuta nene, mbao zilizoliwa na mchwa, mabomba ya chuma yaliyooza ndani. Mimi si mhandisi. Nashika daftari, futi ya kupimia na pesa ya mwenye nyumba. Watu hunipigia usiku kuliko mchana, na simu nyingi huanza vivyo hivyo: "Mama, fundi amezima simu." Nimeyakusanya hapa maswali wanayorudia.

Fundi alichukua pesa, akafanya kazi siku tatu, akapotea. Ni mwizi?

Mara nyingi si mwizi, ingawa kwako hasara ni ile ile. Fundi wa kawaida hana mtaji. Pesa uliyompa Jumatatu imekwenda kununua tailizi (vigae) za mama mmoja kule Bugembe aliyelipa mwezi uliopita, na pesa ya huyo mama ndiyo iliyomalizia paa la mzee wa Njeru. Sasa nyumba yako inamsubiri mteja wa nne. Mambo huenda hivyo bila kelele mpaka mteja mmoja achelewe kulipa, au mtoto wa fundi alazwe hospitali, na hapo simu huzimwa. Aibu huizima simu mara nyingi kuliko wizi.

Ukilijua hilo, hutahangaika kutafuta "fundi mwaminifu" tu. Utapanga malipo ambayo hata mwaminifu hawezi kuyageuza mkopo. Na utajifunza kutazama vyombo. Fundi anayepumzika huacha mwiko, kamba na pimamaji kwenye kona. Ukifika jioni ukakuta toroli na ngazi zimebaki lakini pimamaji imeondoka, jua kuna kazi nyingine imeanza mahali. Mpigie usiku huo huo, usingoje siku tatu. Na usianze na matusi. Muulize kesho anahitaji nini ili awepo saa mbili asubuhi.

Nimpe malipo ya awali kiasi gani?

Kidogo kuliko anavyoomba. Kwa kazi ya ufundi peke yake, yaani vifaa ni vyangu, pesa ya kwanza sipitishi malipo ya wiki moja ya mapota, yaani vibarua. Tuseme ufundi wa bafu moja ni milioni 1 na laki 2. Natoa laki 2 wakianza kubomoa, laki 4 mabomba yakishajazwa maji na kulala usiku mzima bila kuvuja, laki 4 tailizi zikishabandikwa na kuzibwa, na laki 2 zinabaki kwangu mpaka bafu litumike mwezi mmoja. Hizo laki 2 za mwisho ndizo zinazomfanya apokee simu.

Kampuni inayoleta vifaa yenyewe itaomba asilimia 30, hata nusu. Nakubali ikiwa vifaa vinashuka uani kwangu na vinahesabiwa mbele yangu. Waulize pia kama makadirio yao yamejumuisha VAT ya asilimia 18. Nimeona mwenye nyumba akifurahia bei ndogo wiki mbili nzima, kisha ankara ikaja na mstari mmoja wa ziada chini.

Ukilipa kwa simu, fundi atasema "tuma na ya kutolea". Si ujanja. Juu ya ada ya kampuni kuna kodi ya asilimia 0.5 ya pesa inayotolewa. Kubalianeni mapema nani anaibeba, kwa sababu nimeshuhudia ugomvi wa siku nzima juu ya shilingi elfu nne.

Ninunue vifaa mwenyewe au nimwachie fundi?

Nunua mwenyewe, lakini nenda naye dukani. Yeye anajua unachohitaji, wewe unajua pesa yako. Ukimtuma peke yake, wenye hadiwea wengine humpa chake pembeni, na hicho chake kiko ndani ya bei yako. Wengine wanasema ni haki yake kwa kuleta mteja. Sawa, basi iandikwe kwenye malipo yake niione.

Haya ndiyo ninayoyakagua mwenyewe:

Mabati. Namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, na kwa macho, likishapakwa rangi, hutajua. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye bati lenyewe. Risiti peke yake haitoshi.

Waya za umeme. Taa hutumia waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, jiko na kichemshio cha maji hutaka nene zaidi. Kwa kisu, kwangua ncha ya waya. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukikwangua ukaona weupe, hiyo ni alumini iliyovalishwa shaba, na itapata moto ndani ya ukuta wako.

Mchanga. Hapa ndipo watu huibiwa bila kujua, kwa sababu mchanga huuzwa kwa tripu, na tripu ya Elf, lile lori dogo, haina kipimo kimoja. Panda juu ya gari kabla halijamwaga, ingiza fito katikati na kwenye pembe zote, kwa sababu dereva hujua kujaza pembeni na kuacha shimo katikati. Halafu chukua chupa ya maji ya kunywa, tia mchanga mpaka nusu, ongeza maji, tikisa, acha itulie saa chache. Mchanga utakaa chini, na udongo laini utajilaza juu kama uji. Kama tabaka hilo la uji ni nene, plasta yako itapasuka. Rudisha gari. Dereva atalalamika kuhusu mafuta, mwache alalamike.

Simenti. Mfuko ni kilo 50, na kila mfuko uliotumika huacha karatasi. Jioni nahesabu karatasi tupu. Mafundi walishaijua mbinu hiyo, kwa hiyo wengine huleta karatasi kutoka saiti nyingine. Mimi hupiga alama ya kalamu kwenye kila mfuko unaposhuka, na alama hiyo naibadilisha kila gari.

Ni fundi ninayemjua, tunasali pamoja. Kweli tuandikiane?

Hasa huyo. Usiyemjua utamdai bila haya, lakini wa msikitini au wa kanisani utamwonea aibu mpaka nyumba iharibike.

Zaidi ya hapo, sheria yenyewe inataka. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inasema mkataba unaozidi pointi 25 za sarafu lazima uwe wa maandishi, na pointi moja ni shilingi 20,000. Yaani kazi yoyote ya zaidi ya shilingi 500,000. Kupaka rangi nyumba ya vyumba vitatu tu kunapita hapo.

Si lazima wakili. Karatasi mbili za daftari zinatosha, kila mmoja na nakala yake, sahihi, namba za vitambulisho vya taifa, na shahidi. Wengi humwita mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, na mimi nawashauri hivyo, kwa sababu siku ya ugomvi yeye ndiye atakayekaa kitini. Andikeni kazi yenyewe chumba kwa chumba, hatua za malipo, nani analeta vifaa, siku ya kuanza na kumaliza, nani anaondoa kifusi. Kifusi husahaulika kila mara. Nimeachiwa vifusi vya lori mbili mlangoni mwa nyumba ya watu, na fundi ananitazama kana kwamba nimemtukana: "Mama, hilo halikuwemo."

Makadirio yalikuwa milioni 8, sasa anasema 13. Ananidanganya?

Inategemea ni nini kimeongezeka. Nyumba ya zamani ni kama mgonjwa aliyevaa kanzu, hujui mpaka aivue. Ukitoa dari unakuta mbao za paa zimeliwa na mchwa zimebaki maganda, unazibonyeza kwa kidole na kidole kinaingia. Ukichimbua sakafu unakuta msingi hauna nailoni ya kuzuia unyevu, ndiyo maana rangi ilikuwa inabanduka kila mwaka chini ya dirisha. Hayo hakuyaona, na wewe hukuyaona.

Dawa yake ni kufungua kabla ya kukadiria. Mlipe fundi siku mbili avunje kipande cha dari, atoboe plasta mahali penye unyevu, afunue bomba moja. Laki moja au mbili ulizotumia hapo zinaokoa milioni. Kisha weka kando kama asilimia 15 ya bajeti, na usimwambie fundi kuwa ipo.

Ila kama kilichoongezeka ni simenti na malipo ya mapota kwa kazi ile ile mliyoandikiana, hilo ni jambo lingine. Mwambie akuonyeshe mahali, mpime pamoja kwa futi, aandike. Bei iliyovimba kwa mdomo husinyaa ikipimwa. Na sehemu nyingine ya kuongezeka, tuseme ukweli, ni sisi wenye nyumba. "Hapo niwekee na kabati." "Huo ukuta usogeze kidogo." Kila neno la namna hiyo ni pesa, na lisipoandikwa siku hiyo, mwisho wa kazi kila mtu atalikumbuka kwa bei yake.

Nataka kuvunja ukuta kati ya sebule na jikoni. Nahitaji kibali?

Kupaka rangi na kubadilisha tailizi si sawa na kugusa ukuta unaobeba nyumba. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013, pamoja na kanuni zake za mwaka 2020, inataka kibali cha kamati ya majengo ya wilaya, manispaa au jiji lako kabla ya kazi ya ujenzi. Kampala utakwenda ofisi ya divisheni yako ya KCCA, mamlaka ya jiji. Sisi Jinja, tangu tuwe jiji Julai 2020, tunakwenda kwa mhandisi wa jiji. Nenda na picha na mchoro hata wa mkono, uulize kazi yako iko kundi gani. Usikubali neno la fundi kwamba "hawafiki huku". Wanafika, na kwa kawaida wanafika siku ya kumwaga zege.

Kwa huo ukuta, mlipe mhandisi aliyesajiliwa aje mara moja autazame. Si kila ukuta mnene unabeba, na si kila mwembamba ni wa kuvunja tu.

Kitu kingine kwa nyumba kongwe: paa la asbestosi. Nyumba nyingi za zamani za serikali bado zinalo. Usiruhusu mtu alivunje kwa nyundo au kulikata kwa msumeno, maana vumbi lake huua mapafu polepole. Liulizie kwenye ofisi ya mazingira ya wilaya kabla hujaligusa.

Na kama nyumba ni miongoni mwa zilizoachwa na Wahindi mwaka 1972, maliza kwanza habari za hati. Nimeona mtu akibadilisha paa zima la nyumba ambayo haikuwa yake.

Nitajuaje kazi ni nzuri wakati sijui ufundi?

Huhitaji kujua ufundi. Unahitaji kuwepo kabla kitu hakijafunikwa. Bomba kabla ya plasta, waya kabla ya plasta, nondo kabla ya zege, mbao kabla ya dari. Mwambie fundi, na uandike: hakuna kufunika mpaka nione na kupiga picha.

Bafuni ziba tundu la maji, mwaga maji sakafuni yafike kina cha vidole viwili, weka alama ya penseli ukutani, lala. Kesho kama maji yameshuka chini ya alama, au chumba cha pili kina ukuta uliolowa, hakuna tailizi siku hiyo. Mimi niliwahi kuona kazi hiyo ni uchovu wa bure, kwenye nyumba yangu mwenyewe. Fundi aliniambia, "Mama, mimi hizi nimefanya miaka kumi." Tukabandika. Wiki ya tatu kitanda changu kilinuka kama kisima. Nitarudi kwenye habari hii.

Tailizi, gonga kila moja kwa sarafu. Inayolia kama ngoma haina gundi chini. Ukuta, weka ubao ulionyooka na uangalie mwanga unaopita. Zege na plasta vinataka kumwagiwa maji siku saba, na fundi akishaondoka hakuna atakayemwagia kama si wewe. Rangi juu ya plasta mpya isubiri mwezi. Najua unataka kuhamia kabla ya Krismasi au Idi. Rangi haijui Idi.

Na umeme?

Asiguse umeme mtu asiye na kibali cha kufunga umeme kutoka kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme. Omba akionyeshe, soma jina na tarehe. Mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, na waya unaotoka nguzoni si vyako wala vya fundi. Ni vya shirika la usambazaji, ambalo tangu tarehe 1 Aprili 2025 ni UEDCL, la serikali, baada ya mkataba wa kampuni iliyoitwa Umeme kwisha. Fundi anayesema "nitasogeza mita kidogo" anakutafutia kesi.

Ni miezi gani mizuri ya kufanya paa?

Huku kwetu kandokando ya ziwa, mvua kubwa ni Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba. Nafungua paa Juni, Julai, au Januari. Hata hivyo usifungue paa lote kwa siku moja, ziwa lina mambo yake.

Niko kazini Dubai, ndugu yangu ndiye anasimamia. Pesa inakwisha lakini nyumba haionekani.

Hili ndilo swali linaloniumiza, kwa sababu ninajua pesa ya kyeyo, ya kazi za ng'ambo, inavyopatikana. Na mara nyingi ndugu naye hakuanza kwa wizi. Alikopa laki moja ya karo, akasema atairudisha, haikurudi, kisha ya pili ikawa rahisi.

Usimpe mtu mmoja kazi tatu. Anayeshika pesa asiwe anayenunua, na anayepima asiwe ndugu yao wote wawili. Vifaa vikubwa lipa mwenyewe moja kwa moja kwa duka, duka likutumie ankara ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato URA, ndugu apokee mzigo na kuupiga picha. Ufundi lipa kwa hatua.

Picha zinadanganya. Nimewahi kuonyeshwa picha ya jikoni nzuri sana ambayo ilikuwa ya jirani. Piga simu ya video bila kutoa taarifa, mwambie aandike tarehe ya leo kwa mkaa ukutani, kisha atembee kutoka getini mpaka chumba unachotaka bila kukata. Halafu mtafute mtu wa nje, mkaguzi, mumlipe kwa kila ziara. Ndugu akikasirika kwamba humwamini, mwambie, "Kaka, siyo wewe, ni fundi." Si uongo wote.

Mapota niwalishe?

Posho (ugali) na maharage mchana, kama mlikubaliana. Ukiwalisha hawatoroki saa sita kutafuta chakula na kurudi saa tisa. Siku ya zege ongeza soda.

Mtu akianguka kwenye ngazi ni jukumu la nani?

La mwajiri wake. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamdai mwajiri, ndiyo maana karatasi yenu iseme wazi kwamba mapota ni wa mkandarasi na yeye ndiye anayewalipa. Ukiwalipa wewe kila jioni kwa mkono wako, ni vigumu baadaye kusema hukuwa bosi wao. Pamoja na karatasi hiyo, usiache mtu apande paa kwa ndala. Ukimwona, mshushe.

Kazi imeharibika na hataki kurudi. Niende wapi?

Kwanza barua. Andika kilichoharibika, ambatanisha picha, mpe siku za kurekebisha, mpelekee na shahidi. Kisha LC1, ambako mambo mengi huisha, kwa sababu fundi anaishi na watu na bado anataka kazi za mtaani.

Isipoisha, kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani, uliowekwa kwa kanuni za mwaka 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10. Huko huhitaji wakili, na hata fundi haji na wakili wake. Unakwenda na karatasi yenu, risiti, picha, ujumbe wa malipo kwenye simu. Asiye na karatasi hurudi na hadithi tu.

Polisi? Watu hukimbilia huko kwa sababu fundi huogopa kulala ndani. Lakini kazi mbaya ni deni, si jinai, na fundi aliyelala ndani hapaki plasta.

Vifaa vilivyobaki ni vya nani?

Vya aliyevinunua. Mapota huona mabaki ni yao, na vipande vya mbao za kuni mimi huwaachia. Simenti iliyobaki mpe jirani haraka, haikai. Tailizi usimpe mtu. Hata moja. Unaponunua, chukua asilimia kumi zaidi, angalia namba ya toleo kwenye kila boksi iwe moja, kisha boksi la mwisho lifiche chini ya kitanda. Tulipobomoa ukuta wa bafu langu kufuata ule uvujaji, tulihitaji tailizi 19, na nilikuwa nimebakiwa na 6. Nilizunguka Jinja yote, nikamtuma mtu Kampala, rangi ile ilikuwa imeisha. Kwa hiyo bafu langu lina kuta tatu za rangi ya maziwa na mmoja wa rangi ya chai, na wageni wakiniuliza nawaambia niliupenda hivyo.